Aliyesoma mita za maji sasa awatoa mafundi nyuma ya kuta

Saa moja na dakika tano asubuhi, Jumanne, mwanamke mwenye viatu vya raba na mkoba wa turubai begani anasimama mbele ya geti la kijani na kuinamisha kichwa. Hagongi kwanza. Kwanza anasikiliza.

Ndani maji yanamiminwa, kisha kitu kizito kilicholowa kinapigwa juu ya saruji. Mwanamke anatabasamu.

"Yupo," ananong'ona. "Na yuko kazini. Anayefua nguo za nyumbani hapigi hivyo. Huyo anasuuza kitambaa kirefu."

Anagonga mara tatu. Maji yananyamaza. Hakuna anayejibu, na hii ni mara ya nne ndani ya wiki tatu.

Mtaani anaitwa Mama Mita, na jina hilo analiitikia hata nyumbani kwake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msoma mita wa mamlaka ya maji. Mita mia sita na arobaini zilikuwa zake kila mwezi, kwa miguu, jua na mvua. Aliinama mbele ya kila geti, akafuta vumbi kwenye kioo cha mita, akaandika tarakimu, akaenda zake.

"Hakuna aliyekuwa ananipenda," anasema huku akicheka. "Nikitokea kona ile, milango inafungwa. Watoto wanatumwa waseme mama hayupo, na mama mwenyewe naiona miguu yake chini ya pazia!"

Miaka miwili iliyopita mamlaka ilifunga mita mpya zinazojisoma zenyewe na kutuma hesabu moja kwa moja ofisini. Wasoma mita thelathini na wanne wakaagwa kwa soda na barua. Mama Mita alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, mume kinyozi, binti chuoni, na magoti yaliyozoea kilomita kumi na mbili kwa siku.

"Nililia wiki nzima. Baadaye nikajiambia, machozi nayo ni maji, na haya hayana hata mita. Nikanyamaza."

Aliyemtoa nyumbani ni binti wa mtaa huohuo, mhandisi wa programu za simu mwenye miaka thelathini na mmoja. Alikuwa ametengeneza programu aliyoiita Mlangoni. Mtu anaandika anachohitaji, iwe ni barafu, sabuni ya maji au kushonewa kiatu, na simu inamwonyesha fundi mdogo aliye karibu naye, picha ya kazi yake, sauti yake, na njia ya kumfikia. Nia ilikuwa nzuri. Ila programu ilijaa maduka ya barabarani ambayo kila mwenye macho alikuwa ameshayaona.

"Wale wa nyuma ya kuta hatukuwa na njia ya kuwajua," anasema mhandisi. "Hawana kibao, hawana tangazo, wengine hata jirani yao hajui wanafanya nini. Ndipo nikamkumbuka yule mama aliyekuwa anamuuliza mama yangu, 'Mbona maji yenu yamepanda?'"

Msoma mita anajua mambo. Nyumba ya watu wanne hutumia maji ya watu wanne. Ikitumia ya watu thelathini, ama bomba limepasuka, ama kuna mtu ndani anagandisha barafu, anafua mashuka ya nyumba za wageni, anaotesha uyoga au anafinyanga vyungu. Zamani wakubwa walitaka maelezo ya kila mita iliyokuwa ikienda mbio, kwa hiyo Mama Mita akawa na daftari lake mwenyewe, la jalada gumu. Lina mistari mia mbili ishirini na tisa.

"Hesabu zenyewe nimezifuta kwa wino, si mali yangu," anasema na kulifungua kuonyesha. "Nimebakisha mageti. Nabisha hodi, nauliza. Mtu akikataa, naomba maji ya kunywa, naaga."

Mwanzo wa kazi ulikuwa kichekesho. Biashara arobaini za kwanza alizijazia taarifa kama alivyojaza fomu za mamlaka miaka yote, kwa ufupi na bila kutia chumvi. Kwa mfinyanzi aliandika: "Geti bovu. Mbwa mkali. Mwenyeji huchelewa kufungua." Kwa muuza barafu: "Njia ina utelezi. Mama mwenyewe mkorofi kidogo." Mwezi mzima hakukanyaga mteja hata wa dawa.

"Nikampigia simu," mhandisi anakumbuka. "Nikamwambia, 'Mama, hapa tunawaita watu au tunawafukuza?' Akanijibu, 'Mwanangu, mimi uongo siandiki.'"

Wakakutana katikati. Ukweli ungebaki, ila uzuri ungetangulia. Leo taarifa ya mfinyanzi inasema vyungu vyake havivuji, kila kimoja hujazwa maji na kuachwa siku nzima kabla ya kuuzwa, na mbwa hubweka tu, ukimwita kwa jina ananyamaza. Jina la mbwa limeandikwa. Mama mwenye barafu, ambaye hakukana ukorofi wake, ameongeza jokofu la pili.

Kwa miezi kumi na minne Mama Mita ameandikisha biashara mia moja arobaini na nane. Anacholipwa kwa mwezi ni kama theluthi mbili ya mshahara wake wa zamani. Anasema theluthi iliyopungua anaipata kwenye salamu, maana sasa akitokea kona ile watu wanatoka nje badala ya kujificha.

Mumewe ana neno la kuongeza. "Mganga hajigangi," anasema kinyozi huyo, akipangusa kiti chake cha kunyolea. "Watu tisini na sita waliingia humo kwenye simu kabla yangu. Mimi nimekuwa wa tisini na saba, na tunalala kitanda kimoja!"

"Kibao chako kinaonekana toka barabarani," mkewe anamjibu bila kugeuka. "Ungekuwa umejificha ningekutafuta."

Lakini geti la kijani si kama mageti mengine. Liko kwenye mstari wa arobaini na moja wa daftari, na Mama Mita ameliruka mara nyingi kuliko anavyotaka kukiri.

Anayeishi humo ni fundi wa batiki, mjane wa miaka sitini na mmoja. Miaka tisa iliyopita alikuwa na kibao nje na mafundi wawili ndani. Mita yake ilikimbia, na msoma mita akaandika kwenye fomu maneno matano: "Matumizi ya juu, inawezekana biashara." Wakaguzi wakaja. Maji ya nyumba ile yakapandishwa hadi bei ya biashara. Fundi akashusha kibao, akawaaga mafundi wake, akapunguza kazi mpaka mita ikarudi kuwa ya nyumba ya kawaida. Tangu hapo huuza vitambaa vichache kwa watu wachache wanaomjua.

"Sikuvunja sheria, nilifanya kazi niliyotumwa," anasema Mama Mita, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Lakini kila mwezi nilikuwa napita, naona mita inapungua, inapungua. Nikajua kuna mtu kalamu yangu imemkaba koo. Hilo linaniuma mpaka leo."

Ndiyo maana Jumanne hii hajaondoka. Anagonga tena.

"Nani?" Sauti inatoka ndani, kavu.

"Mimi, dada."

"Mimi nani?"

"Mama Mita."

"Mita iko hapo nje. Soma, uende."

"Zinajisoma zenyewe siku hizi, dada. Mimi walishanifukuza."

Kisha miguu inaburuza kandambili juu ya saruji, komeo linavutwa, na geti linafunguka upana wa uso mmoja. Ni uso mwembamba wenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na unajitahidi usicheke.

"Wamekufukuza?"

"Miaka miwili sasa."

"Kweli?"

"Kwa soda moja na barua."

"Ingia," anasema fundi wa batiki na kulifungua geti lote. "Ingia unisimulie vizuri, usiruke hata neno."

Uani kuna mapipa matano, meza ndefu yenye matone ya nta, jiko la mkaa, na kamba zilizofungwa chini, usawa wa kiuno, ili kitambaa kisionekane juu ya ukuta. Mikono ya fundi ni ya buluu hadi kwenye viwiko. Pipa la mwisho limefunikwa kwa ubao, na ubao huo ukiutazama vizuri una maandishi. Ni kile kibao cha zamani.

Mama Mita anasimulia kufukuzwa kwake, na mwenyeji anasikiliza kwa raha ambayo hafichi. Anataka kujua soda ilikuwa ya baridi au ya moto. Ilikuwa ya moto. Hilo linampendeza zaidi.

Kisha mgeni anaweka mkoba chini. "Dada, yale maneno ya miaka ile niliyaandika mimi."

"Najua. Wakaguzi walikuja na fomu mkononi. Herufi zako zilikuwa zinalala upande mmoja, nilizizoea kwenye karatasi za kila mwezi."

"Naomba unisamehe."

Fundi anakamua kitambaa kabla ya kujibu. "Umechelewa. Si kwa ubaya, umechelewa tu. Jumamosi saa nne kuna mtu anakuja kuyanunua haya mapipa. Nahamia kwa mwanangu. Nitakaa kitini, niletewe chai, niulizwe kama nimelala vizuri."

"Ndicho unachotaka?"

"Nani anataka kukaa kitini?" Anaitazama mikono yake. "Lakini kitambaa kimoja kwa wiki si kazi, ni kumbukumbu."

Mama Mita anatoa simu na kumweleza kuhusu Mlangoni. Mwenyeji anatikisa kichwa. Kizuri chajiuza, anasema, kibaya ndicho chajitembeza.

"Kinajiuza kikionekana, dada! Cha kwako umekifungia ndani, umekifunika na kibao chake. Mficha uchi hazai."

Hapo fundi anacheka kweli, anacheka mpaka miwani inamdondoka kwenye beseni. Anakubali, kwa masharti. Uso wake usipigwe picha, na kama Jumamosi itafika hakuna mtu, Mama Mita mwenyewe atasaidia kuyapakia mapipa.

Basi picha ikawa ya mikono, ya buluu hadi viwiko, ikivuta kitambaa kutoka majini. Simu ilipowekwa kurekodi sauti, fundi aliyekuwa akisema kama cherehani alikauka ghafla. Baada ya kikohozi kirefu alitoa sentensi moja: "Njooni mapema, rangi haina subira." Mama Mita hakutaka nyingine.

Jumatano hakuja mtu.

Alhamisi alikuja mmoja, akagonga mara moja, akaondoka. Fundi alimsikia akiwa ameinama kwenye pipa. Alipofika getini akakuta vumbi la pikipiki. Alipiga simu akiwa na hasira ya mtu aliyeanza kutumaini. "Umeniwekea watu wasiojua kugonga!"

Mama Mita, ambaye anajua kugonga kuliko mtu yeyote mtaani, alikaa kwenye benchi la kinyozi na kurekebisha taarifa hapohapo. Aliongeza: "Gonga mara tatu, subiri. Yupo, anasuuza. Akitoka na mikono ya buluu, umefika." Kisha akapiga simu kuomba jambo moja zaidi: kamba zipandishwe.

"Zionekane juu ya ukuta?" fundi aliuliza. "Wakaguzi je?"

"Wakija, waambie ukweli. Biashara yenye wateja inalipa bei ya biashara, dada. Kilichokuumiza ni bei ya biashara bila wateja wa kutosha."

Fundi alikata simu bila kuaga. Mama Mita anakiri kwamba usiku ule hakula vizuri.

Ijumaa mchana aligonga mwalimu wa kwaya, mara tatu, akasubiri. Anaishi mtaa wa pili kutoka pale. Alihitaji vitambaa ishirini na vinne vya rangi moja kwa waimbaji wake, na kila mwaka hupanda basi saa mbili nzima kuvifuata mjini.

"Nimepita kwenye geti hili miaka minane," anasema mwalimu huyo. "Nilidhani ni ghala la saruji. Nilipoona kwenye simu kwamba ni hatua mia tatu kutoka kwangu, nilidhani simu imeharibika."

Alichagua rangi, akaahidi kurudi kesho yake na waimbaji wenyewe wachague ua la kitambaa. Alipoondoka, fundi alipanda juu ya kigoda akiwa peke yake na kufungua fundo la kwanza la kamba.

Jumamosi, saa tatu na nusu, Mama Mita anakunja kona akiwa amevaa viatu vya kazi. Ahadi ni ahadi; kama ni kupakia mapipa, atapakia. Anainua macho na kusimama katikati ya njia.

Juu ya ukuta, kamba nzima imejaa. Kitambaa cha manjano, cha zambarau, cha buluu iliyokolea, vinapeperuka wazi, mbele ya macho ya kila mpita njia. Kwenye geti la kijani, ambalo liko wazi pande zote mbili, kuna kibao kimeegemezwa, bado kina alama ya duara la pipa. Watu wamesimama wakipiga picha. Wengine wamekuja kwa simu. Wengine wamefuata rangi tu kwa macho yao.

Ndani ni vurugu tupu ya furaha. Waimbaji wa kwaya wanabishana juu ya ua, wa sauti ya juu wanataka kubwa, wa sauti ya chini wanataka dogo, na mwalimu anawapigia meza kama wako mazoezini. Mama mwenye barafu yupo pia, ameleta vipande kwenye ndoo kwa ajili ya rangi inayotaka maji ya baridi, na anawakoromea wanaoziba njia. Fundi wa batiki yuko kati yao bila miwani, hajui ameiweka wapi.

Saa nne kamili mnunuzi wa mapipa anafika na mkokoteni wake. Ni mwanamume mpole mwenye kofia ya kitambaa. Anatazama umati, anatazama mapipa, yote matano yana rangi ndani.

"Mama, tulikubaliana Jumamosi."

"Tulikubaliana," anasema fundi. "Baba, samahani sana. Hebu nikuulize. Wewe unanunua mapipa tu, au unauza pia?"

"Nauza pia."

"Basi niletee la sita."

Mnunuzi anavua kofia, anajikuna, anaanza kucheka, na ua mzima unacheka naye. Anaondoka na mkokoteni mtupu na kitambaa cha zambarau alichomchagulia mkewe, kwa bei ya kirafiki, na oda ya pipa moja safi lisilo na kutu.

Mama Mita amejitenga kidogo karibu na ukuta, anapangusa macho kwa kona ya kanga na kusema ni moshi wa nta. Akiulizwa mipango yake, analigonga daftari. Kuna mageti themanini na moja yaliyobaki. Anataka kuyamaliza kabla ya mwaka kwisha, kisha awatafute wenzake thelathini na watatu walioagwa naye kwa soda, kila mmoja na mitaa yake aliyoitembea, awafundishe kazi hii.

"Kila mmoja wetu ana mtaa mzima kichwani," anasema. "Mita zinajua maji tu. Sisi tunajua watu. Na wale niliowafungisha kwa kalamu, nataka niwafungulie mmoja mmoja, kwa mkono wangu."

Fundi wa batiki, kwa upande wake, amemtangazia kila aliyetaka kusikia kwamba Jumatatu anakwenda mwenyewe ofisi ya maji. "Safari hii sisubiri kukaguliwa. Nakwenda kuwaambia mimi ni biashara, na mafundi wangu wawili nawaita warudi."

Saa sita, wateja wakiwa wamepungua, Mama Mita anaaga. Akitoka getini, miguu yake inasimama yenyewe pale iliposimama kila mwezi kwa miaka kumi na tisa. Anapiga goti moja. Anafuta vumbi kwenye kioo cha mita mpya kwa kidole gumba. Ndani, mtu amefungua bomba kujaza pipa la kwanza la kwaya, na tarakimu za mwisho zinabadilika haraka kuliko anavyoweza kuzisoma.

"Dada!" anaita. "Mita yako inakimbia!"

Sentensi hiyohiyo, miaka tisa iliyopita, ingemfanya mtu afunge geti. Kutoka ndani, juu ya sauti ya maji, fundi anajibu kwa nguvu zake zote.

"Iache ikimbie, mdogo wangu! Iache ikimbie!"